R ya Rwanda, L ya Lilongwe

Nimesikia mmekaa kikao. Sikualikwa, na sina kinyongo. Mstaafu haalikwi, anaarifiwa. Nimearifiwa kwamba ajenda ilikuwa moja, kuifuta `ungo_crose` kwenye maktaba yetu kwa sababu inatia aibu, na kwamba mlikubaliana wote bila hata mmoja kutoka nje kwa hasira. Hilo peke yake ni la kuandikwa ukutani, maana hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, hata kwaya mbili za kanisa moja hazijawahi kukubaliana saa ya kuanza mazoezi. Hongereni.

Kabla hamjafuta, niruhusuni niwapotezee muda kidogo. Mnaingia chumba cha kompyuta na laptop ambazo betri zake zinadumu mpaka jioni. Muda mnao.

Baadhi yenu mnanijua kama yule mama wa cherehani karibu na kanisa, anayewakazia suruali. Kabla ya macho kuniomba tuachane, mimi ndiye niliyetunza maktaba ya Ungo, pamoja na zana mbili tatu za kompaila, kwa miaka ambayo wengi wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Siku niliyostaafu hakukuwa na keki wala saa ya ukutani. Kuna faili lenye majina ya watunzaji. Nilifuta jina langu, nikaandika la mdogo wangu Neema, nikabonyeza kitufe, nikaenda kusonga nsima, ugali wa huku. Sherehe nzima ilichukua muda mfupi kuliko nsima kuiva.

Kwa mgeni aliyeokota karatasi hii: C ni lugha ya kuandikia programu, na maktaba ya C haina kitabu hata kimoja. Mchungaji wetu alipoambiwa ninatunza maktaba, alikuja na sanduku la vitabu vya nyimbo akiomba nafasi ya rafu. Maktaba ya C ni fungu la vipande vya kodi, yaani maagizo kwa kompyuta, ambavyo mtu ameviandika mara moja ili wengine wasihangaike kuviandika upya. Kila kipande kina jina, na programu za watu wengine hukiita kwa jina hilo. Shikeni hapo, kwa jina hilo, kwa sababu mkasa mzima umekaa hapo. Ungo wetu kazi yake ni kusoma mafaili ya rekodi, mstari baada ya mstari, na kupepeta punje na makapi. Ni programu huria, maana yake mtu yeyote duniani anaweza kuichukua bure, kuitumia bure, na kukutukana bure.

Kwetu Kongo, upande wa Uvira, mkubwa wa watoto huitwa yaya, awe wa kike au wa kiume. Nimeambiwa kwamba Dar es Salaam yaya ni msichana aliyeajiriwa kulea watoto wa watu. Kwangu mimi tofauti ilikuwa kwenye ajira tu. Tulipowazika wazazi nilikuwa darasa la pili la sekondari, na nyuma yangu walikuwa Bahati na Neema, watoto wenye tabia mbaya ya kutaka kula kila siku. Shule ikabaki huko, mimi nikaja huku.

Kompaila ya kwanza niliyoitumia ilikuwa na ndevu. Ilikuwa Mwalimu Désiré, aliyekuwa fundi wa simu Bukavu kabla ya vita kumpa likizo ya kudumu. Alipata kompyuta moja yenye kioo kilichopasuka, akaiweka kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, akatangaza kwamba anafundisha C. Tulijaa watu kumi na sita, nusu wakidhani ni vitamini.

Kompyuta moja, watu kumi na sita, umeme ukipenda. Basi tuliandika programu zetu kwa kalamu kwenye madaftari, na yeye alipita na kalamu nyekundu akijifanya kompaila, ile programu inayokagua kodi yako na kuigeuza lugha ya mashine. Alisoma mstari kwa mstari kwa sauti kavu isiyo na huruma: "Mstari wa tatu, hakuna nukta mkato. Nimekataa." Anakurudishia daftari. Ukisahihisha, anaanza tena kutoka juu: "Mstari wa tisa, unatumia kitu hujakitaja. Nimekataa." Ninyi leo mashine ikiwapa onyo mnalipita kama mnavyompita muuza karanga. Sisi onyo lilikuwa na ndevu, na lilijua nyumbani kwenu.

Alitufundisha pia kwamba katika C kuhesabu huanza na sifuri. Alitupanga mstari uani. "We uko sifuri, we moja, we mbili." Aliyekuwa mbele alikuwa katekista.

"Mwalimu," akasema, "mi niko na bibi na batoto bane. Siwezi kuwa sifuri."

Akahamia nyuma. Aliyemfuata akawa sifuri, naye akahamia nyuma. Somo liliisha mstari umekuwa duara, na hakuna hata mmoja wetu aliyesahau. Nimewahi kukutana kwa barua na watu wenye shahada mbili ambao bado wanasahau sifuri. Hawakusoma na katekista.

Muda wa kuchapa ulipofika, na umeme ukikubali, mmoja alikaa kwenye kibodi na mwingine alisoma daftari kwa sauti. Kuchapa huku unatazama daftari kulimaliza umeme. Mimi nilikuwa na vidole vyepesi kwa sababu ya cherehani, kwa hiyo nilichapa. Mwalimu alisoma. Ndivyo Ungo wa kwanza ulivyozaliwa: yeye mdomo, mimi vidole.

Sasa mjue nyumba niliyotoka. Mama yangu alikuwa wa upande wa Burundi. Masikioni mwetu L na R ni mtu mmoja aliyevaa mashati mawili. Nyumbani kwetu kula na kura lilikuwa neno moja, na ukitazama siasa za kwetu, huwezi kusema tulikosea sana. Mwalimu naye ulimi wake ulikuwa hivyo hivyo. Kiingereza tulikijua kwa jina tu. Kufunga kitu tulikuwa tunasema kwa Kifaransa, fermer, lakini vitabu vya C vilikuwa vya Kiingereza na Mwalimu alitaka tuonekane watu wa dunia. Akafika kwenye kipande kinachofunga faili baada ya kulisoma.

"Ungo," akasema, "mstari chini, crose."

Nikachapa nilichosikia. C, R, O, S, E.

Mtauliza kwa nini kompaila haikulalamika. Kompaila, wapendwa, haijali kama umeandika vibaya. Inajali kama umeandika vibaya namna ileile kila mahali. Nami ni mtu thabiti. Niliandika crose kwenye faili la kichwa, crose kwenye kodi yenyewe, crose kwenye majaribio, crose kwenye maelezo ya matumizi. Majaribio yote yalipita. Tukaitoa maktaba duniani, tukapeana mikono, na Mwalimu akanunua soda mbili tukagawana watu kumi na sita.

Miaka ikaenda. Mwalimu alipata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya baridi, na tangu hapo ananitumia picha za theluji kana kwamba niliagiza. Ungo ukabaki kwangu. Watu wakauchukua, mmoja huku, mmoja kule, watu ambao sitawaona maishani. Katika hao nilimjua mmoja tu vizuri, kwa sababu nilimfuta makamasi mwenyewe.

Bahati alikuwa amepata kazi Kanengo, viwandani Lilongwe, kwenye kinu cha unga, kutunza kompyuta ya mizani ya malori. Lori linapanda kwenye bamba la chuma likiwa na mahindi, linapimwa, linashusha, linapimwa tena likiwa tupu. Programu iliyosoma rekodi hizo tuliiandika yeye na mimi hapa kambini, na ndani yake ilitumia Ungo. Alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio. Mnajua sheria ya kwetu: mkimbizi hakai mjini kwa kujisikia. Bahati alikaa Lilongwe kwa ruhusa iliyosimama juu ya barua ya kinu. Na chumba chake cha mtaa wa Biwi ndimo alimolala Neema, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya mjini. Kinu kikiondoa barua, Bahati anarudi kambini na Neema anarudi naye, katikati ya shule, kama nilivyotoka mimi. Nyumba yetu ilikuwa imeshatoa mtu mmoja kwa kazi hiyo. Niliona anatosha.

Na Bahati tayari alikuwa amechafua mara moja. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, kumi na mbili na nusu tunaiandika kwa koma. Malawi, koma ni ya kutenganisha maelfu. Wiki yake ya kwanza, lori la kilo 12,500 lilipanda kwenye mizani, na Ungo, uliolelewa na watu wa Uvira na Bukavu, ukasoma kilo kumi na mbili na nusu. Meneja wake, Bwana Mbewe, alilitazama lile lori la magurudumu kumi, akatazama karatasi, akasema, "Kijana, mbuzi wangu ni mzito kuliko hili." Tulirekebisha siku hiyohiyo. Alimsamehe, akamwambia hasamehi mara mbili.

Ndipo ikaja barua pepe. Mtu wa mbali, ambaye hakuwahi kuchangia hata nukta, aliniandikia kwa Kiingereza kuuliza `ungo_crose` ni nini, kama ni aina ya kunguru, ambao kwao ni crows, au kama maktaba yetu iliandikwa na kunguru. Neema alikuwa amekuja kambini wikiendi ile. Nikampa anitafsirie. Alisoma, akaanza kutetemeka mabega.

"Unacheka nini?"

"Yaya, hii neno ni close. Na L."

"Njo nimeandika hivyo."

"Hapana. Umeandika na R."

"Si ni kitu kimoja?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi niliyemfundisha kuvaa viatu. Nikaona haya ambayo sijawahi kuona, hata siku niliyomshonea mchungaji kanzu yenye mkono mmoja mrefu.

Hapa ningepaswa kukumbuka kitambulisho changu. Jina langu ni Riziki. Siku tulipoandikishwa kambini, karani wa mezani alinisikia, akaandika Liziki. Bahati na Neema wakaandikwa chini yangu: mkuu wa familia, Liziki. Baada ya muda nilijifanya mtu wa haki zake, nikaenda kuomba R yangu. Wakanipa. Wiki iliyofuata nilipofika kwenye mstari wa unga, nilikuwepo mimi, Riziki, mtu mmoja asiye na familia; na kulikuwa na watoto wawili wa mtu anayeitwa Liziki ambaye hakuna aliyemjua. Nilizunguka kwenye madawati mpaka nyayo zikaisha, si kudai haki tena, bali kuomba wanirudishie kosa langu. Karani aliniuliza kama nina akili timamu. Wakanirudishia. Tangu hapo mimi ni Liziki serikalini na Riziki mdomoni, na watoto wakala.

Mtu aliyepitia hayo angekuwa wa mwisho duniani kugusa jina ambalo wengine wanalitegemea. Mimi nililigusa Ijumaa alasiri. Nilifuta R kila mahali nikaweka L, nikajaribu, majaribio yote yakapita, kwa sababu mnakumbuka mimi ni mtu thabiti. Nikatoa toleo jipya. Kwenye tangazo nikaandika kwamba tumesahihisha makosa madogo ya tahajia. Madogo! Halafu nikazima kompyuta nikaenda kanisani na moyo mweupe.

Andikeni mahali: hakuna kutoa toleo Ijumaa. Shetani naye hufanya kazi wikiendi.

Jumatatu saa moja asubuhi simu ikalia.

"Yaya, mizani imekufa."

"Imekufa namna gani?"

"Niliweka ile mpya yako. Sasa programu haitaki kuwaka. Iko inasema haijue ungo crose."

"Haijue crose ama haijue crose?"

"Yaya, umesema kitu moja mara mbili."

"Ile ya R ama ile ya L?"

"Sasa hizo si ni moja, Yaya! Malori iko saba hapa inje, moja imeshafunga barabara. Bwana Mbewe iko nyuma yangu."

Nilifikiri haraka. "Ile ya Rwanda, ama ile ya Lilongwe?"

Nikasikia anasoma kwa kunong'ona. "Ya Rwanda. Inatafuta ya Rwanda."

Bila shaka. Programu yake ilijengwa zamani, nayo ilikuwa inaita jina la zamani. Aliyelibeba jina hilo nilikuwa nimemfukuza Ijumaa, nikaenda kuimba.

"Rudisha toleo la zamani," nikamwambia.

"Nilifuta, Yaya. Nilisafisha. Ulisema mtu asiache takataka kwenye mashine ya kazi."

Ndivyo nilivyosema. Watoto wa watu wengine hawasikii. Wa kwangu alisikia siku hiyo. Andikeni na hili: usifute la zamani kabla jipya halijalala hapo wiki nzima.

Kambini umeme ulikuwa umekwenda tangu Jumapili, na kodi ya programu ya mizani ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, iliyokuwa imelala. Kule Kanengo, Bahati alikuwa na kodi ya Ungo na kompaila. Nilikuwa na simu yenye alama moja ya betri, na daftari. Nikakaa kwenye kizingiti, nikaandika kwa kalamu kipande kidogo: funksheni yenye jina la zamani, ambayo kazi yake yote ni kuita yenye jina jipya. Jina baya linarudi mlangoni kama bawabu, na likibishiwa hodi linamwita mwenye nyumba. Mistari mitatu. Nikaanza kumsomea, kama Mwalimu alivyonisomea mimi.

"Int. Nafasi. Ungo, mstari chini, C, R ya Rwanda, O, S, E. Fungua mabano."

"Fungua mabano."

"Struct ungo, nyota, u. Funga mabano. Mabano ya mawimbi. Return, ungo, mstari chini, C, L ya Lilongwe, O, S, E, mabano, u, funga. Nukta mkato. Funga mawimbi."

"Funga mawimbi. Nimejenga, Yaya. Imekubali!"

"Imekubali kabisa?"

"Imetoa kaonyo kadogo tu, lakini imekubali."

Halafu nikamsikia akisema neno ambalo sikumfundisha. Programu ilikuwa imewaka, ikapima lori la kwanza, ikaganda, ikaanguka chali.

"Bahati. Kale kaonyo kalisema nini?"

"Sikukasoma."

"Kasome."

Akakasoma. Kompaila ilikuwa inamwambia, kwa upole ambao Mwalimu Désiré hakuwa nao, kwamba funksheni hii inajiita yenyewe bila mwisho. Bahati alikuwa ameandika R ya Rwanda juu, na R ya Rwanda chini. Bawabu anapiga hodi, anajifungulia, anajipigia hodi tena, mpaka mashine inaishiwa nguvu.

"Ya chini ni Lilongwe!" nilipiga kelele mpaka jirani akatoka akidhani nimepata ruhusa ya kusafiri. "Uko Lilongwe! Angalia pale umesimama, hiyo njo herufi!"

Akaweka L. Ikajenga bila onyo. Nikasikia lori likipanda kwenye bamba, na sauti ya Bahati ikisoma kilo, kwa maelfu, si za mbuzi. Halafu simu ikabadilisha mkono.

"Wewe ni nani?" Ilikuwa Chichewa, na haikuwa ya kusalimiana.

"Mimi ni dada yake, bwana. Kosa ni langu, si lake."

"Mimi nimeajiri mtu mmoja au ukoo?"

Nyuma yake nikasikia lori la pili likipanda kwenye bamba.

"Jumatano uje hapa unionyeshe kosa hilo kwa karatasi. Nikiona, nitajua la kufanya. Nisipoliona, kijana anarudi kwenu."

Betri ikaisha, na nilishukuru.

Jumatano nilikuwa Kanengo. Nilivaa nguo ya kanisani, nikabeba karatasi yenye majina mawili kwa herufi kubwa, moja juu ya jingine. Bwana Mbewe alikuwa mtu mnene, makini, mwenye vumbi la unga kwenye nyusi. Ofisini mwake kulikuwa na meza, daftari kubwa la mizani, na Bahati amesimama kando ya mlango kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Nikaweka karatasi mezani.

"Soma mwenyewe, bwana."

Akavaa miwani. "Ungo crose," akasoma. Akashusha kidole. "Ungo crose." Akanitazama. "Sasa kosa liko wapi? Umeandika neno moja mara mbili."

Sikuthubutu kumtazama Bahati. Yeye alikuwa anatazama dari.

Nikamwonyesha kwa kidole, herufi kwa herufi. Akaisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali. Akamwita mlinzi wa geti, Mmalawi mwenzake, akamwambia asome. Mlinzi akasimama wima akasoma kwa sauti ya gwaride: "Ungo close! Ungo close!"

"Unaona?" Bwana Mbewe akaniambia.

"Ninaona, bwana."

Mlinzi akatoka. Bwana Mbewe akavua miwani. "Yaani malori yangu saba yalifunga barabara kwa sababu ya kitu ambacho hakuna mtu hapa ndani anaweza kukitamka?"

"Ndiyo, bwana."

"Na lipi ndilo zuri?"

"La chini."

"Na hili baya?"

"Linabaki. Nilikosea kuliondoa. Mashine yako inalijua hilo, na mimi sijui ni mashine ngapi nyingine zinalijua. Zuri nimeliongeza, baya halitoki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mizani yako ife, bwana."

"Mizani hii haifi," akasema, kwa kiburi kidogo. Akanisukumia daftari kubwa. "Andika hapo. Weka jina."

Nikaandika kwamba jina `ungo_crose` halitaondolewa kwenye maktaba wakati wowote mizani ya kinu inafanya kazi. Nikatia sahihi. Akaomba kitambulisho. Nikampa nikiomba kimoyomoyo, kwa sababu Bahati alikuwa amenitambulisha mlangoni kama Riziki, nami nilikuwa nimesaini Liziki kama kadi. Akalinganisha sahihi na kadi, akalinganisha kadi na mdomo wa Bahati, polepole, mtu wa mizani kwelikweli.

"Sawa," akasema. "Yanalingana."

Ni mara ya kwanza maishani nililibariki lile kosa la karani. Akamwelekezea Bahati kidevu. "Rudi kazini. Na ukinionyesha tena lori jepesi, usiniletee dada."

"Zikomo, bwana," tukashukuru wote wawili.

Nikatoka hapo nikaenda Biwi kwa miguu, na kwa kabaza, baiskeli ya kukodi, nusu ya njia kwa sababu viatu vya kanisani si vya kutembelea. Neema alikuwa chumbani. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini vitabu vyote vilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa limefungwa kwa kamba, vizuri, kama nilivyomfundisha tulipokuwa tunahama.

"Tunarudi lini, Yaya?"

"Fungua begi," nikamwambia. "Uko na mtihani."

Alifungua. Sikukaa kumtazama akifungua, nilijifanya nakagua mshono wa pazia.

Niliporudi kambini niliandika zana ya Kagua, hiyohiyo mnayoitumia. Haina akili nyingi. Inachukua toleo la zamani na jipya, inaorodhesha majina yote yanayoonekana kutoka nje, inalinganisha. Umeongeza jina? Karibu. Umeondoa? Inaandika kwa wekundu na kukataa kuendelea. Imetumiwa na watu wengi kuliko Ungo wenyewe, na wengine wamenisifu kwa kuona mbali. Sikuona mbali. Niliona malori saba.

Nimeona pia kwamba baada ya kikao chenu mmeizima Kagua, ili mabadiliko yenu yapite bila kelele. Hiyo ni busara ya hali ya juu. Ni sawa na mgonjwa anayevunja kipimo ili homa ishuke.

Najua mtasema mambo yamebadilika. Mna mashine zinazojijaribu zenyewe, mna programu inayowamalizia sentensi kabla hamjaifikiria, na hakuna anayesomewa kodi kwa mdomo. Nafurahi. Mmesoma shule mpaka mwisho, L na R mnazitofautisha hata mkiwa usingizini, na jina lile likiwa kwenye orodha linawafanya mwonekane kama watoto wa watu wasiojua kuandika. Hilo nalo ni kweli. Ninyi ndio watoto wao.

Mizani ya Kanengo haijafa. Bwana Mbewe alisema kweli. Bahati bado yuko pale, amenenepa, ana vumbi la unga kwenye nyusi, na daftari lile liko kabatini na jina langu la kadi. Programu ni ileile. Nimemshauri mara nyingi aijenge upya na jina zuri, na hunijibu kwamba inafanya kazi, Yaya, kwa nini niiguse. Somo la malori saba alilisikia, mtoto huyu.

Neema naye alishawakabidhi; maktaba ni yenu sasa, na sina ufunguo. Siwezi kuwazuia. Ila adabu inataka mtu aarifiwe kabla hajavunjiwa nyumba. Kwa hiyo mpigieni Bahati simu, mmoja wenu, mwenye sauti nzuri. Mwambieni kwamba mmekaa kikao, mmepiga kura, mnaiondoa crose na mnaibakiza close.

Atawauliza, kwa heshima, mnaondoa ipi. Mjibuni.